Uwimana na Lango Lililoitika Mara Mbili

Watu wa Kasulu wanaomjua Uwimana kwa mbali wanamjua kwa ngazi yake. Ni ngazi ya alumini ya kukunja, imefungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki, na juu ya pikipiki yupo mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyevaa buti na sketi juu ya suruali, maana mama yake huko Makere bado hajakubali suruali peke yake. Wanaomjua kwa karibu wanajua na jambo la pili, kwamba huyu mtu hana neno "labda". Ukimwuliza kama waifai ya duka lako itafika stoo, atautazama ukuta, atagonga tofali mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha atakwambia itafika au haitafika, na itakuwa hivyo hivyo. Wapo wanaosema ana majivuno. Lakini mtu anayejua kazi yake akijifanya haijui, huo nao si uongo?

Jina lake la kwenye vyeti ni Jeanne Uwimana. Baba yake ni Harerimana, kaka yake ni Nkunzimana, na hakuna hata mmoja anayetumia jina la mwenzake. Ndivyo walivyo watu ambao wazee wao walivuka kutoka Burundi: kila mtoto anapewa jina lake siku ya kuzaliwa, la baba anamwachia baba. Babu yake alivuka mwaka sabini na mbili akiwa na jembe na watoto wawili, na leo wajukuu ni Watanzania wenye vitambulisho mfukoni. Hata hivyo, siku ya kuandikishwa karani alikaa na kalamu hewani karibu robo saa, akiuliza kama kweli hawa ni watu wa nyumba moja. Uwimana ndiye aliyemwelewesha, akiwa na miaka kumi na tisa, na hakumwelewesha kwa upole.

Kazi ya mitandao aliikuta mahali ambapo hakuwa ameitafuta. Alipomaliza kidato cha nne matokeo yalimrudisha shambani, naye akarudi, akalima maharage na mihogo, na siku za soko akapeleka unga karibu na kambi ya Nyarugusu. Pale kulikuwa na shirika lililofungua chumba cha kompyuta kwa ajili ya wakimbizi, na vijana wa vijiji vya jirani nao waliruhusiwa kuingia. Wengi waliingia kujifunza kuandika barua. Uwimana aliingia akamkuta Mkongo mmoja, Claude, amelala chali chini ya meza na waya mdomoni, akaamua kwamba hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Claude alikuwa fundi mjini Uvira kabla vita havijamkimbiza. Alikuwa mwepesi wa ulimi na mtaratibu wa mikono. Alimfundisha kubana kichwa cha plastiki kwenye ncha ya kebo, nyaya nane zikiwa zimepangwa kwa rangi zake, mpaka akaweza kufanya hivyo huku akipiga soga. Alimfundisha kwamba mtandao si muujiza. Ni mashine zilizounganishwa ili zipeane habari, na kila mashine ina anwani yake ya namba, maana barua isiyo na anwani haifiki popote. Na kasoro ya mwanafunzi wake aliijua siku ile ile ya kwanza.

"Weye unapenda kurukaruka," alimwambia. "Anza chini. Kama kebo iko bien, iko muzuri, panda kwa adresi. Kama adresi iko bien, panda kwa njia. Watu, utawashitaki mwisho."

Maneno hayo Uwimana aliyafunga kwenye desturi ya kwao yasije yakampotea. Kwao Makere mgeni akifika uani haingii kwa pupa. Anapiga makofi, anatoa salamu, anasubiri aitikiwe. Mashine nazo zina salamu ya namna hiyo. Moja hupeleka neno dogo kwenye anwani ya nyingine na kusubiri jibu, na mafundi huita kupingi. Basi Uwimana akiitwa mahali penye mtandao mgonjwa, kwanza hujisalimu mwenyewe ajue kama mashine yake iko hai. Kisha humsalimu jirani, yaani kompyuta ya meza ya pili. Kisha hulisalimu lango, ambalo ni ruta, kile kisanduku ambacho habari zote hupitia zinapotoka nje ya nyumba. Mwisho humsalimu mtu wa mbali kabisa, huko nje. Salamu inapokatikia, ndipo penye ugonjwa.

Claude na watoto wake walipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, wakaondoka. Uwimana akaenda Kigoma mjini, akasoma miaka miwili, akarudi na cheti. Tangu hapo ametandaza nyaya kwenye nyumba za wageni, maduka ya dawa na shule, kuanzia Kasulu mpaka mpakani Mabamba, na hajawahi kurudishiwa kazi. Jambo moja tu lilimkera: kila kijana aliyemwomba amfundishe ilibidi amwambie aende Kigoma au Dar es Salaam, maana kwa upande huu hakukuwa na darasa. Yeye aliokotwa chini ya meza na Mkongo mkimbizi. Wa leo waokotwe na nani?

Ndiyo maana Mzee Abdulrahmani alipompigia simu kutoka Kibondo, Uwimana aliisikiliza simu ile akiwa amesimama. Mzee ni mfanyabiashara. Babu yake alitoka Pangani akifuata chumvi ya Uvinza akasahau kurudi, na familia imekuwa na duka Kibondo tangu hapo. Sasa uzeeni alikuwa amejenga chuo cha ufundi: ushonaji, umeme wa majumbani, kompyuta. Majengo yalikuwa tayari, na wakaguzi wa kukipa chuo kibali walikuwa wanakuja baada ya wiki sita. Kilichobaki ni maabara ya kompyuta ishirini na mtandao wake.

Walikubaliana barazani, kwa kahawa na kashata. Mzee alimwambia wazi kwamba chuo kitahitaji mkufunzi wa mitandao. "Mtandao wako ukisimama mpaka wakaguzi waondoke, darasa ni lako, mwanangu," alisema. "Ukianguka, nitamwita mpwa wangu Hilali aje na wenzake wa Dar." Huyo Hilali alitajwa pale barazani mara nne. Mzee alikuwa na ugonjwa wa watu wengi, kwamba kitu kizuri ni kile kilichosafiri. Uwimana alimjibu kwamba mtandao wake hauanguki, na alisema hivyo bila kupepesa macho, kwa kuwa darasa lile alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Alifanya kazi siku nane. Kebo zote alizikusanya kwenye swichi, yaani kile kisanduku chenye matundu mengi kinachopokea habari ya mashine hii na kuipeleka kwa mashine ile, na kila kebo akaibandika stika ya namba ya tundu lake na mahali inakokwenda. Anwani akazipanga kwa utaratibu. Vifaa vyote vya pale vilianza na namba zile zile, kama watu wa kata moja, na namba ya mwisho ndiyo iliyotofautisha nyumba na nyumba. Ruta alilipa namba moja, kwa kuwa ndilo lango. Printa akaipa kumi. Jikoni, kwa mlinzi na kwa mhasibu kulikuwa na visanduku vidogo vya waifai, navyo akavipa ishirini na kuendelea. Kisanduku cha ofisi ya Mzee kilikuwa cha mwisho kufungwa, kikapata thelathini. Kompyuta za wanafunzi aliliachia ruta lenyewe lizigawie namba kuanzia mia. Orodha akaichapa na kuibandika ukutani, na kwenye kila kisanduku akabandika stika ya namba yake.

Halafu akafanya jambo aliloliona la busara. Yeye anakaa Kasulu, zaidi ya saa mbili kwa pikipiki. Akahitaji mtu wa pale atakayemsaidia likitokea dogo. Akamchukua Tharsisi, msimamizi wa majengo, Muha wa Kibondo mwenye miaka hamsini na kitu, mtu wa kanisani, mwaminifu mpaka anaudhi. Kwa alasiri moja alimwonyesha namna ya kuingia kwenye mipangilio ya kisanduku, pa kusoma anwani, pa kuibadilisha, pa kuhifadhi. Tharsisi aliandika kila kitu kwenye daftari na kuomba arudie mara tatu. Uwimana akaondoka ameridhika.

Wiki iliyofuata Tharsisi akapiga simu. Mtandao umekufa, kompyuta hii inafungua, ile inakataa, baada ya dakika kumi zinabadilishana. Uwimana akapanda pikipiki, akafika saa nane mchana, akasalimu hatua kwa hatua, na kila mahali akaitikiwa. Mtandao mzima kama ng'ombe aliyenywa maji. Akabadilisha vichwa vya kebo tatu alizozishuku, akarudi. Siku mbili baadaye, simu tena. Akaja na swichi nyingine, akaifunga, akakaa mpaka jioni: mzima. Mara ya tatu hakujua hata abadilishe nini. Alikagua kebo moja baada ya nyingine kutoka dari hadi sakafu, na kila moja ilikuwa nzima.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo yeye hakuyaona na wenyeji hawakuyaona kuwa ni mambo. La kwanza, Mzee Abdulrahmani alikuwa anafika chuoni asubuhi, na ikikaribia adhuhuri anakwenda msikitini, kisha dukani, harudi tena. La pili, amelelewa na taa ya chemli, hivyo akitoka ofisini anazima kila kitu ukutani na kufunga mlango kwa ufunguo, na mlango ule hafungui mtu mwingine. Uwimana alikuwa anafika kila mara baada ya adhuhuri. Na hata hakuomba kuingia mle ofisini, kwani kisanduku cha mle alikifunga mwenyewe, kipya, kikiwa cha mwisho na namba yake thelathini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anaanza kujipekua nguo aliyoifua mwenyewe jana?

Uwimana akiondoka siku ile ya tatu, Mzee alimsimamisha mbele ya duka. "Mwanangu, mtandao wako una haya," alimwambia kwa sauti ya pole. "Ukikuona wewe unakaa sawa." Akaongeza kwamba Hilali, kwa simu tu, amesema ni kebo za bei rahisi. Ilimuuma Uwimana hadi machozi yakamlenga, kwa sababu kebo zile alikuwa amezichagua moja moja, na Hilali hajawahi kuikanyaga Kibondo. Njiani, alipokuwa anapita Makere, alijikuta anasema peke yake ndani ya helmeti: labda. Alikasirika kulisikia neno lile kinywani mwake.

Zikabaki siku nne wakaguzi wafike. Uwimana akaahirisha kazi zake zote za Kasulu, akaja Kibondo siku moja kabla ya ukaguzi, akalala nyumba ya wageni, na saa moja asubuhi alikuwa mbele ya mlango wa maabara anapigiana makofi na Tharsisi. "Mwakeye," "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya Waha. Wanafunzi ishirini waliokuwa wanasubiri chuo kifunguliwe walikuja wamepiga pasi, wakakaa kila mmoja mbele ya mashine yake. Saa moja na nusu mtandao ulikuwa mzima. Saa mbili na nusu mzima. Saa tatu kasoro robo gari la wakaguzi likaingia, wawili, anayewaongoza akiwa mama mmoja mwenye miwani minene, Bi Firdausi, na Mzee Abdulrahmani akawapokea na kuwapeleka ofisini kwake wapate chai kwanza.

Saa tatu kamili kompyuta ya meza ya nne ikagoma. Kisha ya saba. Kisha mstari mzima wa dirishani.

Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Tharsisi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua kofia. Uwimana aliogopa, hilo tusifiche. Lakini mara ile ile alihisi kitu kingine, na kilikuwa karibu na furaha. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa umemjia akiwa pale pale. Akavuta kiti kwenye meza ya nne na kuanza chini.

Kebo: taa yake inawaka. Akajisalimu: yuko hai. Akamsalimu jirani: akaitikiwa. Akalisalimu lango, namba moja, nalo likaitika upesi na vizuri. Akamsalimu mtu wa nje. Kimya. Akarudia, kimya. Hapo akakaa kidogo mikono magotini. Lango liko nyumbani, linaitika, halafu barua unazolikabidhi hazitoki. Lango la namna gani hilo?

Kila kifaa cha mtandao kina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kina anwani, ambayo hupewa pale kinapokaa na inaweza kubadilishwa. Na kina jina la kuzaliwa, herufi na tarakimu kumi na mbili, ambalo kiwanda hukipa na halifanani na la kifaa kingine. Uwimana hakuhitaji kuelezwa mara mbili na Claude siku alipoambiwa jambo hilo, maana hata yeye alizaliwa Uwimana, na akikaa Makere au Kasulu ni Uwimana. Sasa akaiuliza kompyuta: huyu anayekuitikia kwenye namba moja, jina lake la kuzaliwa nani? Ikamtajia. Akaenda kwenye ruta, akalipindua tumbo juu, akasoma jina lililochapwa pale.

Halikuwa hilo.

Kulikuwa na kifaa kingine ndani ya chuo kinachojiita lango. Uwimana akasimama mbele ya swichi, akamwambia binti mmoja wa Mabamba aliyekaa meza ya nne aendelee kusalimu nje na aseme akiitikiwa. Akaanza kuchomoa kebo moja moja na kuirudisha. Ya printa, kimya. Ya jikoni, kimya. Ya mlinzi, ya mhasibu, kimya. Akachomoa ya kumi na saba. "Imeitika, mwalimu," binti akasema, na mstari wa dirishani ukafunguka wote kwa pamoja.

Uwimana akaitazama stika ya kebo aliyoishika mkononi. Ofisi ya Mzee.

Tharsisi naye aliiona, na uso ukamshuka. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba aiache hivyo hivyo, ining'inie; maabara inafanya kazi, wakaguzi watapita, Mzee atarudishiwa ya kwake baadaye, hatajua. Ulikuwa ushauri mzuri, na Uwimana aliufikiria kwa muda wa kutosha kuona aibu. Lakini hakuhitaji kuamua. Mlango wa ofisi ulifunguka, na Mzee Abdulrahmani akatokea na simu yake mkononi na wakaguzi nyuma yake.

Alikuwa anawaonyesha picha za chuo zilizoko mtandaoni, akasema, na waifai imekatika ghafla. "Nani kaikata?"

"Mimi, Mzee," Uwimana akasema, kebo ikiwa bado mkononi. "Nimeikata kwa sababu kisanduku cha ofisini kwako ndicho kilichokuwa kinaua maabara."

Bi Firdausi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Alisema yeye si mtu wa kompyuta, na hawa vijana wengi ndio kwanza wanaanza. Basi fundi aeleze kilichotokea kwa maneno ambayo kijana aliyetoka Mabamba juzi atayaelewa. Kama yapo.

Yapo, Uwimana akajibu. Akaiweka kebo mezani, akapiga makofi mara moja, kama anavyopiga uani kwa watu. Akawauliza wanafunzi: mgeni akifika na barua ya mwenye nyumba, akapiga makofi, atampa nani barua? Wakasema, atakayeitika. Na wakiitika wawili, kila mmoja akisema ni mwenye nyumba? Wakacheka, wakasema atampa aliyewahi. Basi, akawaambia, namba moja ya hapa ni ya lango, na lango peke yake ndilo linalojua njia ya kwenda nje. Kifaa cha ofisini kimejipa namba ile ile. Kompyuta zikisalimu, leo linaitika lango, kesho kinaitika kile; barua zikilifikia lango zinatoka, zikikifikia kile zinafia mezani kwake, kwa sababu hakijui njia. Ndiyo maana meza hii ilikuwa inapona huku ile inaumwa. Ikifika adhuhuri Mzee anazima, anabaki mwenye nyumba mmoja, kila kitu kinakaa sawa. Anwani mbili zinazofanana katika nyumba moja ni ugomvi, hata kama kila mmoja amekuja kwa nia njema.

Binti wa Mabamba akauliza kwa nini basi lango lisipewe namba nyingine. Linaweza, Uwimana akasema, hata mia mbili. Namba haiongezei lango nguvu, kinachotakiwa ni wote walijue na asiwepo wa pili. Binti akaandika. Bi Firdausi naye, Uwimana aliona, alikuwa anaandika.

"Na nani amekipa cha kwangu namba moja?" Mzee akauliza. Aliuliza taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Uwimana alikuwa ameshajua. Mtu wa pale aliyejua pa kubofya alikuwa mmoja tu. "Kosa ni langu," akasema. "Nilimfundisha mtu namna ya kubadilisha namba, sikumfundisha namba ni nini. Nilikuwa na haraka ya kurudi Kasulu."

Tharsisi akatoka mlangoni akiwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Alisema ni yeye, na kwamba hakuvunja kitu, aliheshimu. Alisoma orodha ukutani akaona jiko liko ishirini, mlinzi ishirini na moja, na mwenye chuo thelathini, nyuma ya masufuria. "Kwetu mwenye mji hakai nyuma, Mzee," akasema. "Nikaona wageni watakuja, watasoma stika, watasema hawa watu hawana adabu." Asubuhi moja, Mzee akiwa amemfungulia ofisi afagie, akabandua stika ya thelathini, akabandika ya moja. Na kwa kuwa hakupenda kuandika nje kitu kisichokuwepo ndani, akafungua daftari lake, akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha na ndani.

Mzee Abdulrahmani alimtazama Tharsisi, akaitazama orodha, akatazama sakafu. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha wastani, si zaidi ya wenye maduka wengine, na alikuwa mbele ya wageni. Angeweza kufoka, na angesamehewa.

"Ile stika niliiona," akasema hatimaye. "Nikaipenda. Kila asubuhi naitazama." Akacheka kidogo, peke yake kwanza. "Nirudishie thelathini yangu, mwanangu. Heshima inayozima nyumba siitaki."

Uwimana aliingia ofisini, Mzee akiwa nyuma yake, akabadilisha ndani, kisha Tharsisi akaletewa stika aibandike mwenyewe. Kebo ya kumi na saba ikarudi kwenye tundu lake. Maabara ikafanya kazi kompyuta zote ishirini kwa saa nzima, huku Mzee akiwa na waifai yake. Wakaguzi wakafungua, wakafunga, wakauliza wanafunzi, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Mwisho Bi Firdausi akakaa kwenye meza ya mbele na fomu zake. Alisema maabara imepita, vyumba vimepita, kuna sehemu moja tu haielewi. Akaigeuza fomu iwatazame. Ilikuwa fomu aliyoijaza Mzee mwenyewe wiki kadhaa nyuma, na yote ilijazwa kwa wino isipokuwa mstari mmoja. Mbele ya maneno Mkufunzi wa Mitandao, kwa penseli, palikuwa pameandikwa Hilali.

Uwimana alilisoma jina lile mara mbili. Wiki sita alikuwa anapanda na kushuka barabara ile kwa ajili ya darasa ambalo kwenye karatasi lilikuwa na mtu tayari. Tumaini pekee ni kwamba ilikuwa penseli. Kwa sekunde chache alitaka kuchukua ngazi yake na kwenda zake. Lakini nyuma yake walikuwa wamekaa vijana ishirini, na yule binti wa Mabamba alikuwa bado na swali, mkono juu.

"Mzee," akasema, "huyu uliyemwandika, angekuja Dar mpaka hapa, angetafuta wapi?"

Mzee Abdulrahmani hakumtazama usoni. "Kwenye kebo," akasema.

"Angezibadilisha zote."

"Angezibadilisha zote," Mzee akakubali, "na mimi ningemsifu." Akaivuta fomu, akapapasa mifuko ya koti akitafuta kifutio, hakukipata. Binti wa Mabamba akampa cha kwake. Mzee akafuta jina la mpwa wake mpaka karatasi ikakunjamana, akapuliza vumbi, kisha akatoa kalamu yake ya wino kifuani na kumpa Uwimana pamoja na fomu.

Aliandika Jeanne Uwimana, taratibu, herufi kubwa, akikandamiza kiasi kwamba jina lilisomeka kwa vidole upande wa pili wa karatasi. Kisha akageuka, akamwambia yule binti ashushe mkono na aulize.